Kabla Hujaomba Mtaji: Sifa za Mwanzilishi Ambazo Wawekezaji Huzikagua, na Namna ya Kuziandalia Ushahidi

Mwekezaji anayeweka pesa kwenye kampuni ya miezi minane hana mengi ya kukagua. Hesabu zilizokaguliwa hazipo, wateja ni wa kuhesabu, na bidhaa yenyewe huenda ikabadilika mara mbili kabla ya mwaka kwisha. Kilichopo mezani ni watu wawili au watatu. Swali lake kubwa ni hili: hawa wakipewa pesa, watafanya nini siku mambo yakienda kombo?

Waanzilishi wengi wanalijua hilo, ndiyo maana slaidi zao zimejaa "tunajituma", "tuna ari" na "tunalielewa soko". Maneno hayo yanasemwa na kila anayeingia, kwa hiyo hayamsaidii mwekezaji kuchagua. Yeye anatafuta alama ambazo sifa huacha nyuma yake: tarehe kwenye barua pepe, rekodi ya mauzo, mkataba uliosainiwa kabla ugomvi haujaanza, mteja anayepokea simu na kueleza bila kuandaliwa. Alama hizo hazitengenezwi wiki moja kabla ya kikao. Zianzie miezi mitatu kabla.

Mwongozo huu ni kwa mwanzilishi anayetafuta duru yake ya kwanza ya mtaji, tuseme dola 25,000 hadi 250,000, kutoka kwa mwekezaji malaika (mtu binafsi anayeweka pesa zake kwenye kampuni changa) au mfuko mdogo wa mitaji, akiwa Dar es Salaam, Nairobi, Arusha, Mombasa au Kampala.

Kwanza, toka kwenye lugha ya ruzuku

Waanzilishi wengi wa ukanda wetu wamelelewa na mashindano na ruzuku. Wamezoea kuandika michanganuo inayotaja idadi ya vijana watakaopata ajira na vijiji vitakavyofikiwa. Hakuna ubaya, ila mfadhili anauliza utaitumiaje pesa, na mwekezaji anauliza itarudije na ikiwa imekua kiasi gani. Anajua kwamba kampuni nyingi atakazoziwekea pesa zitakufa. Anategemea moja au mbili zifidie hasara ya zote. Ndiyo maana kampuni itakayofanya vizuri lakini ikabaki ndogo haimfai, hata kama inamfaa sana mwanzilishi mwenyewe.

Kwa hiyo sifa ya kwanza ni ukubwa wa nia, na hapa unatakiwa uwe mkweli kwa nafsi yako kabla ya mtu mwingine. Andika sentensi tatu: baada ya miaka saba kampuni itakuwa ikimuuzia nani, kwa kiasi gani kwa mwaka, na ni kitu gani lazima kitokee ili ifike huko. Ukiona unachokitaka hasa ni biashara ya kulisha familia na kuajiri watu kumi, hilo ni jambo zuri, na mtaji wake ni mkopo wa benki au SACCOS. Kugawa hisa kwa ajili yake ni kujitafutia bosi usiyemhitaji.

Hatua ya 1: Karatasi ya ushahidi

Chora safu tatu. Ya kwanza ni sifa: analijua tatizo, anazijua namba zake, ni mkweli, ana kasi, anasikia bila kuyumbishwa, anavuta watu, anaelewana na mwenzake. Ya pili ni tukio moja lenye tarehe linaloionyesha sifa hiyo. Ya tatu ni mtu asiye ndugu wala rafiki anayeweza kulithibitisha kwa simu.

"Tunajituma" ikipita kwenye karatasi hii inageuka kuwa kitu kama hiki: mfumo ulizima usiku wa tarehe 31 Mei, tukaingiza oda 60 kwa mkono kupitia WhatsApp mpaka alfajiri, na wenye maduka wawili wa Mbagala wako tayari kueleza. Safu ya tatu ikibaki wazi, una dai, ushahidi bado. Usilifiche pengo hilo. Litakuonyesha cha kufanyia kazi katika miezi mitatu ijayo.

Hatua ya 2: Lijue tatizo kuliko yeyote atakayekuhoji

Mwekezaji mzuri atakuhoji mpaka afike mahali ambapo hujui. Akifika hapo baada ya maswali mawili, kikao kimekwisha hata kama mtaendelea kuongea kwa nusu saa. Kuna maarifa ya aina mbili anayotafuta: yale ambayo hayapatikani mtandaoni, na yale yanayopingana na wanavyodhani watu wa nje ya biashara hiyo.

Ongea na wateja 30 kabla ya kutafuta mwekezaji, ana kwa ana, dakika 20 hadi 40 kila mmoja. Usiwaulize "ungependa programu ya kuagiza bidhaa kwa simu?" Watu wetu wana adabu, na mgeni aliyekuja na daftari hanyimwi "ndiyo". Utarudi na ndiyo 30 zisizo na thamani. Uliza kilichokwisha kutokea. Mara ya mwisho uliishiwa mafuta ya kula lini? Ulifanyaje? Nani alikwenda Kariakoo, alilipa nauli kiasi gani, duka lilifungwa saa ngapi? Ulikopeshwa na nani, ukalipa baada ya siku ngapi? Andika maneno yake kama alivyoyasema, na jioni ileile panga majibu kwenye jedwali: jina la eneo, tatizo, anavyolitatua leo, linamgharimu kiasi gani.

Kinachoharibika mara nyingi ni kwamba mwanzilishi anahoji watu wanaofanana naye, yaani wasomi wenye simu nzuri, kisha anatengeneza bidhaa ya mama lishe. Kosa la pili ni kuacha kuhoji mara tu bidhaa inapoanza kufanya kazi. Mwekezaji akiuliza "mteja wa mwisho kuongea naye ni nani, na alilalamikia nini?" jibu zuri lina tarehe ya wiki hii.

Ukiwa kwenye sekta yenye usimamizi, kulijua tatizo ni pamoja na kuijua sheria. Anayegusa malipo Tanzania anatakiwa aweze kueleza nafasi yake mbele ya Benki Kuu chini ya Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya 2015. Anayekusanya taarifa za watu Kenya aijue Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na Tanzania ile ya 2022. "Wakili wetu anashughulikia" si jibu.

Hatua ya 3: Namba zako ziwe kichwani, na ziwe zile za kweli

Hapa ndipo wengi wanaangukia, kwa hiyo tukae kidogo. Chukua mfano wa kampuni ya kubuni inayosambaza bidhaa kwa maduka ya rejareja Dar es Salaam. Mwezi Machi ilikuwa na maduka hai 140, kila moja likiagiza mara 3, wastani wa oda TSh 80,000. Oda ni 420. Mzunguko ni TSh 33,600,000. Kampuni inachukua asilimia 6.

Mwanzilishi akisema "tunaingiza milioni 33 kwa mwezi", ameshajiharibia. Pesa hiyo ni ya wauzaji wa jumla. Inapita tu. Mapato ya kampuni ni TSh 2,016,000. Mwekezaji atalijua hilo kwa swali moja, na baada ya hapo kila namba nyingine utakayotaja ataikata nusu kichwani mwake.

Sasa shuka mpaka kwenye oda moja. Kamisheni ni TSh 4,800. Bodaboda anachukua 2,500. Makato ya malipo ya simu na mengineyo ni 600. Kinachobaki ni 1,700. Duka likiagiza mara tatu, linaacha 5,100 kwa mwezi. Wakala anayezunguka kusajili maduka analipwa 15,000 kwa kila duka jipya, maana yake gharama ya kulipata duka inarudi baada ya miezi mitatu hivi. Duka likiondoka mwezi wa pili, umepata hasara kwa kila mteja uliyemshangilia.

Mwanzilishi anayeweza kueleza mnyororo huu kwa dakika mbili, bila kufungua kompyuta, na kisha akasema "tatizo letu kubwa ni maduka yanayoondoka kabla ya mwezi wa tatu, na haya ndiyo mambo mawili tunayoyajaribu", anaonyesha sifa tatu kwa mpigo: anazijua namba, hafichi ubaya, na anajua aanzie wapi kurekebisha. Namba ndogo zinazoeleweka hivi zinapata mtaji. Kubwa zisizoelezeka zinaulizwa maswali mpaka zinayeyuka.

Namba za kuwa nazo kichwani ni hizi: mapato ya mwezi uliopita na wa kabla yake, wateja hai na tafsiri yako ya neno "hai", wateja walioondoka, kinachobaki kwa oda au mteja mmoja, gharama ya kumpata mteja, matumizi ya mwezi, salio la benki, na miezi ambayo salio hilo litatosha. Zipitie kila Jumatatu asubuhi. Ukizipitia usiku wa kuamkia kikao itajulikana, maana utazitaja vizuri lakini hutaweza kueleza kwa nini zilibadilika.

Jambo moja dogo lenye uzito mkubwa: kampuni iwe na Lipa Namba au Till yake na akaunti yake ya benki. Mauzo yakiingia kwenye simu binafsi ya mwanzilishi, pamoja na michango ya harusi na pesa ya ada, hakuna mtu atakayeweza kutenganisha. Mwekezaji hatauita huo wizi. Ataona mtu ambaye hajaweka mpaka kati yake na kampuni, na pesa yake ndiyo itakayofuata njia hiyohiyo.

Hatua ya 4: Safisha madai yako

Ukweli ndiyo sifa pekee isiyo na alama ya katikati. Mwanzilishi asiyejua hesabu anaweza kufundishwa, na mwenye kusitasita anaweza kuzoea. Aliyeonekana kudanganya mara moja anaachwa, na wawekezaji wa hatua za awali katika ukanda huu ni wachache kiasi cha kujuana na kupigiana simu.

Uongo mwingi kwenye slaidi hauanzi kama uongo. Unaanza kwa kuzungusha maneno. Pitia slaidi zako ukiwa na kalamu nyekundu na utafute haya:

- "Washirika wetu", halafu nembo ya benki au kampuni ya simu ambayo mlikaa nayo kikao kimoja. Andika: tumekutana mara moja, hakuna mkataba.
- "Watumiaji 12,000" wakati waliopakua ni 12,000 na waliotumia mwezi huu ni 900. Andika zote mbili.
- Ruzuku au zawadi ya mashindano iliyojumlishwa kwenye mapato. Itoe, iweke mstari wake.
- "Oda zilizothibitishwa" ambazo ni barua za kuonyesha nia. Barua hizo hazimfungi mtu.
- Cheo cha "mwanzilishi mwenza na mkuu wa teknolojia" kwa rafiki aliyeajiriwa kwingine anayesaidia wikiendi.

Kesi ya Theranos ya Marekani inatajwa sana kwa sababu hii. Mwanzilishi wake, Elizabeth Holmes, alikutwa na hatia Januari 2022 ya kuwalaghai wawekezaji, na Novemba mwaka huohuo akahukumiwa kifungo cha zaidi ya miaka 11. Kampuni yake ilidai mashine zake zinafanya vipimo vya damu ambavyo hazikuwa na uwezo wa kuvifanya. Tofauti unayotakiwa kuishika ni ya wakati: kusema "tutafika nchi tano" ni matarajio, na mwekezaji anayapenda. Kusema "tuko nchi tano" kumbe una mtu mmoja Kigali ni ulaghai. Ya kesho yaseme kwa ukubwa utakao, ya leo yaseme yalivyo.

Kisha tengeneza ukurasa mmoja wa mambo mabaya: kesi, deni la kodi, mwanzilishi aliyeondoka, mteja mkubwa aliyekimbia, mkopo kutoka kwa mjomba usio na maandishi. Ulete mwenyewe, kikao cha pili, kabla hujaulizwa. Habari mbaya ikitoka kwako inajadiliwa. Ikigunduliwa, inakuwa sababu ya kukataa.

Hatua ya 5: Wewe na mwenzako

Ugomvi wa waanzilishi huua kampuni changa kwa urahisi kuliko mshindani, kwa hiyo uhusiano wenu utapimwa hata kama hamtaambiwa. Wawekezaji wanaangalia nani anajibu nini, nani anamkatiza nani, na uso wa mmoja wakati mwingine anaongea. Wengine huwahoji kila mtu peke yake kwa swali lilelile: ni jambo gani kubwa mlilokosana, na lilikwishaje? Majibu mawili tofauti ya tukio moja ni kawaida. Jibu la "hatujawahi kukosana" linatia shaka, maana maana yake bado hamjakutana na uamuzi mgumu au kuna mmoja anayemeza.

Kabla ya kutafuta pesa, kaeni muandike makubaliano. Yasipungue mambo manne: mgawanyo wa hisa, nani ana neno la mwisho katika eneo lipi, muda ambao kila mmoja anautoa, na kukomaa kwa hisa, yaani kila mmoja kuzipata hisa zake kidogo kidogo kadiri anavyobaki kwenye kampuni. Hilo la mwisho mara nyingi huachwa kwa aibu, kwamba kuliongelea ni kama kumtakia mwenzako aondoke. Utaratibu uliozoeleka ni miaka 4, na mwaka wa kwanza hakuna kinachokomaa mpaka uishe. Tuseme mmegawana 60 kwa 40, na mwenye 40 anaondoka mwezi wa 18. Zilizokomaa ni miezi 18 kati ya 48, yaani asilimia 15 ya kampuni. Zile 25 zinarudi. Bila makubaliano hayo anaondoka na 40 zote, anafungua duka lake, na wewe unabaki kuwafanyia kazi watu wasiokuwepo. Hakuna mwekezaji makini atakayeingia kwenye jedwali la hisa (orodha ya nani anamiliki kiasi gani) la namna hiyo.

Aliyekupa TSh milioni 20 mwanzoni akachukua asilimia 40 ni tatizo la aina hiyohiyo. Zungumza naye apunguze kabla ya duru, ukimweleza kwamba 40 ya kampuni isiyoweza kupata mtaji mwingine haimfai kitu.

Kama uko peke yako, usiokote mwanzilishi mwenza kwa ajili ya slaidi. Onyesha badala yake kwamba watu wazuri wanakubali kukufuata: mhandisi aliyeacha mshahara mkubwa zaidi, au meneja wa mauzo aliyekubali sehemu ya malipo kwa hisa.

Hatua ya 6: Ung'ang'anizi usio wa ukaidi

Kila mwekezaji atakuambia anataka mtu asiyekata tamaa. Wakati huohuo anamkimbia mtu asiyesikia. Kinachowatenganisha ni kile wanachokishikilia. Mmoja ameshikilia tatizo na yuko tayari kubadilisha njia kila mwezi. Mwingine ameshikilia njia yake hata tatizo likishahama.

Mfano wa karibu ni NALA, iliyoanzishwa na Mtanzania Benjamin Fernandes. Ilianza na programu ya kumwezesha mtumiaji Tanzania kutumia huduma za pesa za mitandao mbalimbali ya simu mahali pamoja, hata bila intaneti, na mwaka 2019 ikaingia Y Combinator, programu ya Marekani inayolea kampuni changa na kuzipa mtaji. Baadaye ikahamia kwenye kutuma pesa kutoka ughaibuni kuja Afrika Mashariki. Mwaka 2022 ilitangaza kupata dola milioni 10, na 2024 milioni 40 nyingine. Tatizo lilibaki kuwa ugumu wa kuhamisha pesa. Aliyebadilika ni mteja, na njia ya kulipwa. Airbnb nayo, mwaka 2008, waanzilishi wake wakiwa wamekaukiwa, waliuza maboksi ya nafaka za kifungua kinywa yenye sura za wagombea urais wa Marekani kwa dola 40 moja na kupata karibu dola 30,000. Waliposailiwa na Y Combinator, maboksi hayo yalisema kitu ambacho wazo lao la kulaza wageni kwenye magodoro ya watu halikukisema.

Cha kufanya: anza daftari la maamuzi. Kila uamuzi mkubwa uandike tarehe, mlichodhani, mlichojaribu, kilichotokea, mlichobadilisha. Mistari mitano inatosha. Baada ya miezi mitatu utakuwa na kurasa mbili tatu ambazo zinaonyesha kasi ya kujifunza kuliko slaidi yoyote. Na mwekezaji akikupinga kikaoni, usikubali papo hapo ili kumfurahisha. Uliza ameona nini, toa ulichonacho, na kama hoja yake ina uzito sema utaipima vipi na kwa muda gani. Wengine hupinga makusudi ili waone kama utasalimu amri.

Hatua ya 7: Kasi kati ya kikao na kikao

Kikao cha kwanza kinampa mwekezaji nukta moja. Anachokitaka ni mstari, yaani ulisema utafanya nini mwezi uliopita, na umefanya nini. Anza kumwandikia kabla hujaomba pesa. Mwombe ruhusa ya kumtumia taarifa fupi kila mwezi, na uitume tarehe ileile, mwezi uwe mzuri au mbaya. Isizidi ukurasa mmoja wa simu:

"Machi. Mapato TSh 2,016,000 (Februari 1,728,000). Oda 420 (360). Maduka hai 140: mapya 22, yaliyoondoka 9. Benki TSh 18,400,000. Tunapungukiwa 3,680,000 kwa mwezi, inatosha miezi 5. Kilichoharibika: mvua zilisimamisha usambazaji Jangwani siku 4, maduka 5 kati ya 9 yaliondoka wiki hiyo. Tunachojaribu Aprili: stoo ndogo ya kukodi upande wa pili wa bonde. Tuliahidi kumaliza mfumo wa mikopo ya siku 7. Haujaisha, tarehe mpya ni 20 Aprili. Ombi: tunatafuta mtu anayemfahamu meneja mauzo wa kiwanda cha sabuni."

Angalia kilichomo. Namba zilezile zinarudi kila mwezi kwa mpangilio uleule, ili zilinganishwe. Ubaya umetajwa pamoja na sababu. Ahadi iliyovunjika imetajwa kabla ya kuulizwa. Ombi ni moja, na linajibika kwa dakika mbili. Kinachoua mpango huu ni kunyamaza mwezi mbaya. Mwekezaji akipokea Januari, Februari na Mei, ameshaelewa kilichotokea Machi na Aprili.

Barua pepe zake zijibu ndani ya saa 24, hata kama ni kusema jibu kamili litakuja Ijumaa. Na lije Ijumaa.

Hatua ya 8: Kikao chenyewe

Usaili wa Y Combinator ni wa dakika 10. Wa mwekezaji malaika Nairobi au Dar huenda nusu saa hadi saa nzima. Vyote vinaharibiwa na kitu kilekile, majibu marefu. Jibu swali kwanza kwa sentensi moja, kisha eleza kama anataka zaidi. Ukiulizwa "mna wateja wangapi?" jibu linaanza na namba, historia ya soko ije baadaye. Jizoeze na mtu asiyeijua biashara yako, akukatize kila sekunde 30.

"Sijui" inaruhusiwa, mara moja au mbili, kwa sharti useme utaipataje na lini. Kwa namba za Hatua ya 3, hairuhusiwi.

Mavazi, kiingereza cha puani na suti ya bluu havina uzito ambao waanzilishi wanavipa. Kuchelewa kuna uzito. Namna unavyomtendea mhudumu wa mgahawa nayo ina uzito, na wapo wanaoiangalia kwa makusudi.

Kwa waanzilishi wanawake kuna la ziada. Utafiti wa Dana Kanze na wenzake, uliochapishwa 2018 baada ya kuchambua maswali ya wawekezaji jukwaani kwenye TechCrunch Disrupt, mashindano ya kampuni changa, mjini New York, uliona wanaume wakiulizwa zaidi namna watakavyokua na wanawake namna watakavyojikinga na hasara. Walioulizwa la kujikinga wakajibu kwa lugha ya kukua, walipata mtaji zaidi kuliko walioishia kujitetea. Kwa hiyo ukiulizwa "utawazuiaje wateja wasiondoke?", lijibu kwa namba, kisha peleka mazungumzo kwenye ukubwa wa soko na jinsi utakavyolichukua. Si haki kwamba mzigo huo ubebwe na anayeulizwa, lakini ndivyo kikao kilivyo kwa sasa.

Hatua ya 9: Simu na nyaraka

Mwekezaji akishapendezwa ataomba watu watatu wa kuwapigia. Atawapigia pia ambao hukuwataja: bosi wako wa zamani, mteja aliyeondoka, mfanyakazi aliyeacha kazi. Huwezi kuwapanga hao, ila unaweza kumaliza viporo. Kama kuna mfanyakazi anayekudai mshahara wa miezi miwili, lipa au saini naye ratiba ya malipo kabla ya duru. Wale watatu wa kwako waarifu mapema, na usiwaandalie majibu. Watu wawili wakitumia sentensi ileile, anayesikiliza anajua ilikotoka.

Weka folda moja mtandaoni yenye: hati za usajili kutoka BRELA, msajili wa kampuni Tanzania (kwa Kenya, hati za usajili za huko pamoja na CR12 ya karibuni, inayoonyesha wakurugenzi na wenye hisa), taarifa za mwaka zilizowasilishwa, TIN au PIN ya KRA na uthibitisho wa kodi, jedwali la hisa, makubaliano ya waanzilishi, mikataba ya wafanyakazi, leseni, taarifa za benki za miezi 12, na kila mkopo hata wa familia. Muhimu, na linasahaulika sana: hati ya kila aliyeandika msimbo wa programu yenu akikabidhi haki zake kwa kampuni. Kijana aliyelipwa laki tano kutengeneza toleo la kwanza anaweza kuwa ndiye mmiliki wake kisheria mpaka asaini vinginevyo. Angalia pia jina la tovuti na akaunti ya Google Play vimesajiliwa kwa barua pepe ya nani.

Folda ikiombwa Jumanne na ikapatikana Jumanne, mwekezaji amejifunza jambo kuhusu wewe ambalo hakuuliza.

Ukikataliwa

Andaa orodha ya wawekezaji 40 wanaowekeza kweli katika hatua na sekta yako, na uwaendee kwa mafungu ya 8 hadi 10, ili kasoro utakayoigundua kwenye fungu la kwanza usiirudie kwa wote. Anayekukataa mwombe jambo moja tu: ni kitu gani alihitaji kukiona na hakukiona? Usibishane na jibu. Watatu wakitaja kasoro ileile, simamisha mafungu na urudi kwenye karatasi ya Hatua ya 1. Na anayesema "tuwasiliane mkipiga hatua", muulize hatua ipi kwa namba: maduka 300, au kuondoka kwa wateja kushuke chini ya asilimia 3? Iandike, mwongeze kwenye taarifa ya mwezi, na siku mkiifikia mwandikie siku hiyohiyo.